Kibubu Kimoja, Matapeli Watatu: Namna ya Kusuka Simulizi ya Mapenzi ya Kuchekesha

Wengi wanaonifuata inboksi wakitaka kuandika simulizi za kuchekesha huniuliza vichekesho navitoa wapi. Jibu langu huwaudhi: vichekesho viache kwanza. Anza na mali. Ni ya nani, nani anaitaka, na kwa nini kila anayeitaka hathubutu kuiomba kwa mdomo wake mwenyewe. Ukishapata majibu ya hayo matatu, wahusika wataanza kukuchekesha wewe kabla hawajamfikia msomaji.

Mimi nauza simulizi zangu kwa vipande, kwenye simu, kutoka hapahapa Tanga. Wasomaji wangu husoma daladala ikiwa bado haijajaa, au jikoni wali ukiwa umepaliwa makaa. Kipande kikiwachosha hawakwambii kitu. Hawalipii kinachofuata, basi. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayejua kipande gani kimetoka na kipi kimelala.

Fundi niliyemsoma hadi kurasa zikalegea ni Mwingereza, P. G. Wodehouse, aliyezaliwa 1881, akafanya kazi benki London kwa muda mfupi ujanani, kisha akaishi kwa kalamu mpaka alipofariki 1975. Vitabu vyake ni vingi, ila kwa kazi hii nenda kwenye vile vya matapeli watatu: Soapy Molloy, mkewe Dolly, na hasimu wao Chimp Twist. Soapy ni pande la mtu, sura ya mheshimiwa, na biashara yake ni kuuza hisa za visima vya mafuta ambavyo havipo. Dolly ndiye mwenye akili nyumbani mle, na akipita dukani vitu humfuata mkobani. Chimp ni mfupi, uso wa kima, sharubu za kupaka nta, na kila ukimkuta ana kibao kipya mlangoni. Mara daktari wa kituo cha kurejesha afya, mara mpelelezi wa kukodiwa. Walianza kuonekana 1925 katika Sam the Sudden, na walikuwa bado wanarudi 1972, mwandishi akiwa na miaka 90.

Ukitaka kuona mashine ikiwa wazi, chukua Money for Nothing cha 1928. Mzee Lester Carmody ana jumba kubwa huko Worcestershire na ni bahili wa kutupwa. Ndani mna vitu vya thamani, lakini ni mali ya ukoo, haruhusiwi kuviuza. Vina bima, hata hivyo. Basi mzee anapatana na matapeli wavibe ili yeye alipwe bima. Wakati huohuo mpwa wake anampenda binti wa jirani, na mzee na baba wa binti hawasemezani, kwa sababu siku moja baruti ilipotaka kulipuka Carmody alimkamata mwenzake akamfanya ngao. Tazama ujanja uliopo hapo. Mwenye mali ndiye aliyeajiri wezi. Mwenye kuzuia ndoa ni huyohuyo. Ukimgusa mwizi, umegusa posa.

Hilo ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote: mapenzi na wizi vipite mlango mmoja. Simulizi nyingi ninazoletewa zina wachumba sura hii na wezi sura ile, wanapishana barabarani bila kusalimiana. Msomaji anaruka za wezi akasome za wachumba, au kinyume chake, na mwandishi anashangaa kwa nini kitabu hakishikiki.

Sasa tuijenge moja pamoja, mtaani, ili uone inavyofanyika.

Mali

Chagua kitu kimoja tu. Kiwe kinabebeka, lakini kwa taabu. Fedha iliyo kwenye akaunti haifai, haiwezi kufichwa chini ya kanga. Hati ya kiwanja inafaa kidogo, ila haitoi sauti. Wodehouse ana mfululizo mwingine wa vitabu ambamo kinachoibwa ni nguruwe wa maonyesho, na sababu ya kupendeza kwake ni kwamba nguruwe anakula, anakoroma, anataka mahali pa kulala, na hawezi kuwekwa mfukoni. Sisi tuchukue kibubu.

Kibubu cha mbao ya mninga, kimepigwa misumari pande zote, kina ufa juu wa kutumbukizia. Kikitikiswa kinalia, na hapo tayari umepata vichekesho vitatu bila jasho. Tena kibubu kimoja hakina tofauti na kingine, na seremala aliyetengeneza hiki anaweza kutengeneza ndugu yake kwa mchana mmoja.

Mwenyewe ni Bi Tatu, mjane wa Ngamiani, ambaye amekuwa akitumbukiza tangu mumewe yu hai. Ametangaza kwamba kitavunjwa siku ya harusi ya mpwa wake Zuhura, mbele ya watu. Ameshamchagulia mume: bwana mmoja wa forodha, mpole, ana pikipiki. Zuhura anampenda Sefu, ambaye ni seremala, na ndiye aliyekitengeneza kibubu chenyewe.

Mpaka hapa ni simulizi ya kawaida. Sasa mpe kila mtu sababu yake ya kukitaka kibubu, na hakikisha sababu hazifanani. Hapa ndipo wengi huwa wavivu. Wanaandika kwamba kila mtu anataka fedha. Ukiandika hivyo umeandika foleni, na foleni haina kichekesho.

Zuhura anakitaka kwa sababu ya barua. Shangazi hukagua simu yake, kwa hiyo yeye na Sefu huandikiana kwenye karatasi. Siku shangazi alipoingia ghafla, karatasi ilikuwa mkononi na pa kuificha hapakuwepo isipokuwa ule ufa. Barua sasa imo ndani, na ndani ya barua Bi Tatu ametajwa kwa jina la utani ambalo siliandiki hapa.

Babu Shomari, kaka yake Bi Tatu, anakitaka kipotee kabisa. Yeye amekuwa akichomoa noti kwa waya wa mwavuli, usiku kwa usiku, na kurudishia vifungo vya shati ili uzito usipungue. Siku ya kuvunja ndiyo siku yake ya kufa.

Matapeli wanakitaka kwa fedha zilizomo. Fedha ambazo hazimo. Msomaji ajue hilo mapema, kabla hata ya robo ya simulizi, na matapeli wasijue mpaka mwisho. Usimfiche msomaji ili umshtue. Mshtuko ni wa mara moja. Raha ya kuwatazama watu wazima watatu wakiapiana, wakisalitiana na wakipanda dari kwa ajili ya vifungo vya shati, hiyo inadumu vipande kumi.

Matapeli

Wawe mume na mke upande mmoja, na mtu mmoja upande wa pili. Wakiwa wawili tu, kila mmoja peke yake, utapata vita, na vita huisha haraka. Watatu wanakupa maagano. Leo wanaungana, kesho wanagawanyika, keshokutwa mke anasema, "Mume wangu, yule mtu ni mbwa, lakini tunamhitaji ngazi." Kwa Wodehouse mabishano matamu kabisa ni ya mgawo: nani achukue asilimia ngapi ya kitu ambacho bado hakijaibwa. Wape wako nafasi ya kugombania mgawo, na uache wagombee kwa muda mrefu, maana hapo ndipo tabia zao zinapojianika.

Kwetu nimemweka Alhaji Makame na mkewe Bi Chuma, wapangaji wa chumba cha mbele, ambao wanasema wamerudi kutoka Maskati na wana hisa za mgodi wa tanzanaiti huko Mererani, chache tu zimebaki, za watu wa karibu. Hasimu wao ni Dokta Kipusa, ambaye simulizi iliyopita alikuwa dalali wa viwanja, na hii ana kibanda cha kupima nyota karibu na stendi. Babu Shomari amemwajiri Dokta akiibe kibubu. Alhaji na mkewe wamejiajiri wenyewe. Hakuna anayejua habari za mwenzake hadi wakutane dirishani.

Wape adabu. Tapeli halisi anaamkia kuliko mtu yeyote mtaani. Shikamoo yake huanza mlango wa tatu kabla hajafika. Akimwita mtu mama, mama mwenyewe anajisikia amezaa. Ukimwandika tapeli mwenye miwani meusi na sauti nzito, anayekodoa macho, msomaji atauliza Bi Tatu alimpangishaje. Tofauti yao ionekane wakiwa wawili chumbani mlango umefungwa. Hapo Alhaji anavua kofia, na Bi Chuma anahesabu vijiko alivyotoka navyo kwenye maulidi.

Kuna mpaka mmoja ambao sitauvuka, na nakushauri usiuvuke. Matapeli wako wasimlize mtu asiye na kitu. Tapeli akimla mama ntilie mtaji wake wa unga, hata umwandike kwa ufundi gani, hakuna atakayecheka. Kila msomaji ana dada au jirani aliyeambiwa ile hela atume kwenye namba hii, na dada huyo hajarudishiwa mpaka leo. Aliwe mwenye choyo. Aliwe anayetaka kumla mwenzake. Carmody anatapeliwa na tunashangilia kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kuitapeli bima. Babu Shomari vilevile. Na bora zaidi, matapeli waliane wenyewe kwa wenyewe.

Polisi waweke mbali. Mmoja anaweza kupita na baiskeli, akasalimiwa, akaenda zake. Akiingia na pingu, umebadilisha aina ya simulizi.

Kaunta

Usianze kuandika bado. Nunua daftari kubwa la kaunta. Wodehouse alisema kabla hajaanza kitabu huwa na kurasa 400 hivi za vidokezo, na hilo linamhusu mtu aliyekuwa ameandika maisha yake yote. Wewe na mimi hatuna haki ya kuingia mikono mitupu.

Piga mistari. Safu ya kwanza jina. Ya pili, anataka nini. Ya tatu, amedanganya nini na amemdanganya nani. Ya nne, nani anaujua ukweli. Safu ya nne ndiyo inayokupa matukio. Ukiona uwongo ambao watu wawili wanaujua na kila mmoja anadhani anaujua peke yake, hapo pana kipande cha simulizi kimelala, kiamshe.

Chukua mfano. Babu Shomari anakwenda kwa Sefu kwa siri: nitengenezee kibubu kama kile. Zuhura naye anakwenda kwa Sefu: tengeneza kibubu kama kile, tubadilishe, tutoe barua. Sefu anafanyia kazi oda zote mbili, kwa kuwa ni kijana mwaminifu na hajui kumkatalia mzee. Sasa nyumba moja ina vibubu vitatu. Usizidishe hapo. Vitatu msomaji anavifuata. Cha nne kikiingia atarudi nyuma kusoma tena, na msomaji wa simu harudi nyuma. Kila kimoja kipe alama ambayo msomaji anaiona na wahusika hawaioni: cha asili kina jicho la mti ubavuni, cha Babu kinanuka vanishi mbichi, cha Zuhura Sefu kakichora ua dogo chini, maana hakuweza kujizuia.

Kila usiku mmoja unapopita, andika kwenye kaunta kila kibubu kimelala wapi. Wasomaji wa simulizi za wizi wanahesabu. Wakikukuta kibubu kimeruka kutoka darini hadi jikoni bila mtu kukishika, watakuandikia kabla hujalala.

Wachumba

Huku sitakaa sana, kwa sababu wachumba ndio rahisi kuliko wote, ijapokuwa kila mtu anadhani ndio kazi. Wawili wanaopendana wagombane mapema. Sababu iwe ndogo na iwe na mantiki. Kisha uwanyime nafasi ya kusemezana.

Shida ya siku hizi ni simu. Zamani barua ikipotea, mapenzi yalikwama miezi. Leo ugomvi mzima unaweza kumalizwa na ujumbe wa maneno mawili. Basi simu iwe sehemu ya msiba. Iwe kwa shangazi. Iwe bando limekwisha Ijumaa usiku. Ujumbe wa mapenzi uende kwenye kundi la kamati ya harusi, wajumbe wote wausome, mweka hazina ajibu "amina". Na kuna ile silaha ambayo waandishi wa zamani hawakuwa nayo: Sefu anaamka asubuhi anakuta Zuhura amemwandikia kitu, kisha kimeandikwa "Ujumbe huu umefutwa". Kijana atakonda. Maneno hayo matatu yana uwezo wa kubeba vipande vitatu.

Mchumba wa ziada, yule bwana wa forodha, usimwache akiumia. Tangu anapoingia, mtayarishie pa kuangukia. Wangu anapita kila asubuhi kununua vitumbua kwa dada wa kona, na huwa hali vitumbua. Sikusema zaidi ya hapo, na wasomaji walishaelewa. Kufikia kipande cha tano walikuwa wananiandikia nimwoze yule dada haraka.

Tukio kwa karibu

Hapa ndipo sasa vichekesho vinapoingia, na vinaingia kwa njia ya kazi. Mhusika asijue kuwa anachekesha. Awe na shughuli. Huu ni usiku wa vibubu viwili, chumbani kwa Bi Tatu, taa imezimwa.

Sefu alijipenyeza uvunguni na kibubu chake kifuani. Akanyoosha mkono mbele, akashika mguu. Haukuwa wake.

"Nani?" akanong'ona.

Kimya. Kisha sauti nyembamba, yenye adabu: "Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa kitanda. Bimkubwa alilalamika kinapiga kelele."

Sefu akanyamaza. Kitanda kile alikitengeneza yeye. "Kinapiga kelele wapi?"

"Hapa."

"Hapo hakuna kiungo."

"Ndiyo maana nimechelewa."

Mlango ukafunguka. Kandambili zikaja, zikavuliwa, moja hapa moja kule. Godoro likabonyea mpaka likawagusa pua. Kitanda kikalia: kwiii.

"Unasikia?" ile sauti ikanong'ona, kwa huzuni ya mtu aliyesingiziwa.

"Hiyo ni chaga," alisema Sefu, moyo ukimuuma. "Chaga ya nne. Niliikata fupi."

"Una msumari?"

"Ninao."

"Gonga, basi."

"Nigonge na mtu kalala juu?"

"Ndugu yangu," alisema Dokta Kipusa, "mimi nimeingia kwa dirisha saa nane za usiku kurekebisha kitanda. Usinifundishe utaratibu."

Angalia kilichofanya kazi. Sefu ana sababu zote za kukimbia, lakini heshima ya ufundi wake imeguswa na hawezi kuondoka mpaka ijulikane ni chaga gani. Dokta anaendeleza uwongo wake hadi anaukasirikia kama kweli. Hakuna aliyesema neno la kuchekesha. Tena hakuna sentensi ya mwandishi inayosema kwamba lilikuwa tukio la kufurahisha, au kwamba Sefu alijikuta katika hali ya kushangaza. Sentensi za namna hiyo zikitokea kwenye rasimu yako, zifute ukiwa umesimama, usije ukazionea huruma.

Angalia pia kwamba mazungumzo ni mafupi. Wodehouse aliandika michezo ya nyimbo kwa majukwaa ya New York na London huku akiandika riwaya zake, na alikuwa akisema riwaya zake ni michezo ya namna hiyo iliyotolewa muziki. Unaiona ilivyo: mtu anaingia, mwingine anajificha, wa tatu anatokea mlango wa pili. Kabla ya kuandika tukio la ndani ya nyumba, chora nyumba. Milango mingapi, dirisha la wapi lina nondo, uani panatokea wapi. Nyumba za Ngamiani zenye ukumbi katikati na vyumba ubavuni zimejengwa kwa ajili ya kazi hii. Mtu hawezi kwenda msalani bila kupita mbele ya milango sita.

Kuwarudisha

Wasomaji hupenda kukutana na watu wanaowajua. Waliosoma Muhammed Said Abdulla hawakuwa wakinunua kisa tu, walikuwa wanamfuata Bwana Msa na kiko chake. Ila kwenye simulizi ya mapenzi ya kuchekesha kuna mtego: wachumba wakishaoana wamekwisha. Ukiwarudisha lazima uwagombanishe, na msomaji aliyewashangilia harusini atakuchukia. Wodehouse aliwarudisha zaidi matapeli, na sababu ni nyepesi. Matapeli walishindwa. Aliyeshindwa ana njaa ileile, na anaweza kuanza upya kesho bila maelezo.

Wakirudi, usisimulie historia yao. Mstari mmoja watosha. Alhaji anaingia kipande cha pili na hisa zilezile za Mererani. Msomaji wa zamani anacheka kwa kuwa anazijua, msomaji mpya anacheka kwa kuwa anaona mtu anauza mgodi kwenye kibaraza. Dokta abadilishe kibao. Kitu kimoja kisibadilike kabisa kwa kila mmoja: Bi Chuma na vijiko, Dokta na ile "ndugu yangu" yake anapokaribia kukudhulumu. Vikizidi viwili kwa mtu mmoja, unaanza kumwandika mwanasesere.

Unaweza pia kumwazima mhusika mdogo wa simulizi moja akawa mkubwa kwenye nyingine. Vijana wawili wa pembeni katika kile kitabu cha 1928, Hugo Carmody na Ronnie Fish, mwaka uliofuata waliibuka kwenye kisa cha nguruwe na mapenzi yao wenyewe. Dada wa vitumbua namwekea akiba.

Kufungua fundo

Mwisho huu upange kabla ya mwanzo. Watu wote wawe mahali pamoja, na pawe na sababu ya halali ya kuwa pamoja. Sisi tunayo: siku ya kuvunja kibubu. Jamvi limetandikwa ukumbini, kina mama wamekuja na ngoma yao, bwana wa forodha amevaa kanzu inayombana, na Bi Tatu ameshika nyundo.

Mfuatano wake ni huu. Kwanza matapeli wapoteze, na wapotezane wenyewe: Bi Chuma amekiiba kibubu cha Dokta, Dokta amekiiba cha Bi Chuma, kila mmoja ameondoka na feki akicheka. Pili, uwongo wa mzee utoke, lakini utoke kwa mtu mmoja tu. Sefu anakiinua kibubu cha asili, anakitikisa, anasikia vifungo. Seremala anajua mlio wa kitu ndani ya mbao. Anamtazama Babu Shomari. Babu Shomari anamtazama yeye. Hapo ndipo mapenzi na wizi vinapokutana mlangoni: Babu atafanya lolote nyundo isishuke, na lolote lenyewe ni kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema kwamba yeye, mkubwa wa nyumba, posa ya yule bwana wa forodha hakuiridhia, na kibubu hakivunjwi mpaka aje mume anayefaa, na kwa kweli yule pale aliyekishika anaonekana kufaa. Bwana wa forodha anashusha pumzi kwa nguvu hadi kifungo cha kanzu kinakatika.

Barua je? Imo bado. Iache humo. Bi Tatu sasa anasubiri harusi ya Sefu ili avunje, na Sefu, Zuhura na Babu Shomari wana miezi ya kutafuta namna. Kipande cha kwanza cha simulizi inayofuata kimeshajiandika, na sikulazimika kumwambia mtu "itaendelea" kwa herufi kubwa.

Mambo madogo ya mwisho, kabla hujanifuata tena inboksi. Isome simulizi yako kwa sauti, kwa mtu asiyekupenda sana. Mume au dada atacheka kwa hisani. Atakapoangalia simu yake, weka alama pembeni, hapo pamelegea. Usitoe kipande cha kwanza sokoni kabla hujamaliza rasimu ya cha mwisho, maana simulizi ya namna hii ukibadilisha kibubu kimoja mbele, lazima urudi kukibadilisha nyuma. Na usingojee kuwa na furaha ndipo uandike vya kuchekesha. Money in the Bank, kilichotoka 1942, Wodehouse alikiandika akiwa kizuizini mwa Wajerumani, na ndani yake mna lodi aliyeficha almasi akasahau alikoziweka, akapangisha nyumba yake, kisha akajifanya mtumishi humohumo ili apate kuzitafuta. Kwa hiyo habari za umeme kukatika usiniletee. Kaunta haitumii umeme.